Chai kwenye Kaburi la Mwinjilisti

Profesa Lund alipomwaga kikombe cha chai juu ya kaburi la baba, hakuna aliyeshtuka. Tulidhani ndivyo Kanisa linavyotaka.

Baba yangu, Anania, alikuwa mwinjilisti hapa Njombe, na ndiye aliyemfundisha Profesa lugha yetu ya Kibena. Profesa alikuwa Mswidi mrefu, aliyefukuzwa China pamoja na wamisionari wenzake. Kwao alianza kwa kufundisha fasihi. "Hadithi zilinipeleka kwenye dini," aliwahi kuniambia, "dini ikanipeleka China, na Wachina wakanirudisha kwenye hadithi." Huko China alifundisha chuoni na kusoma vitabu vyao vya kale mpaka macho yakachakaa. Hapa alifundisha walimu na wachungaji. Mimi, mwalimu wa shule ya wasichana, nilikuwa mkalimani wake, maana Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa.

Siku ya maziko aliinama mpaka kofia ikamwanguka, kisha akamimina chai ya Lupembe kwenye udongo mbichi. Nyuma yake alisimama Mzee Hezekia, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Akatazama huku na huku. Mzungu wa misheni amefanya, basi ni utaratibu. Akamgeukia mama.

"Getruda, nipe na mimi kikombe. Ina sukari?"

"Haina, Mzee."

"Weka. Anania alipenda sukari."

Watu wakapanga mstari. Mama akachemsha birika jingine. Jirani yetu Odilo, Mkatoliki, akatikisa kichwa: "Walutheri nanyi mna mambo!" Naye akamimina chake.

Juma lililofuata mwanafunzi mmoja alimuuliza Profesa darasani jambo lile limeandikwa ukurasa gani wa kitabu cha ibada. Profesa hakujua kudanganya. Akajibu kwamba halimo. Ndivyo mwanafunzi wa China anavyomuaga mwalimu wake aliyefariki.

Kukawaka moto. Wazee hawa walikuwa wamewatenga ndugu zao wa damu kwa kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kilichomwagwa makaburini. Leo wao wenyewe wametambika, tena kwa mstari! Baraza la kanisa likaitishwa kule Makambako. Wazee walitaka Profesa akiri kwamba lilikuwa tambiko, aombe radhi, abaki; akikataa, arudi kwao. Na likishakuwa tambiko, basi wazee watasema walipotoshwa, lakini mama aliyeichemsha chai atafungiwa Meza ya Bwana. Baada ya kumzika baba, mama hakuwa amebakiwa na furaha nyingine.

Ndani ya lori, Profesa aliniambia, "Nitakiri, Yunisi. China walinisimamisha mbele ya wanafunzi wangu niseme kwamba vitabu vyangu ni uongo. Nilisema. Mara ya pili haiumi sana."

"Na mama?"

"Watamsamehe."

"Huwajui hawa, Profesa."

Barazani mama aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, amejifunika blanketi. Mzee Hezekia hakupoteza muda.

"Profesa, ulitambika, hukutambika?"

Profesa akainuka, akajibu kwa Kiingereza, polepole, ili nisikosee: ilikuwa ibada ya wafu, naye anaomba msamaha. Kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

"Maneno hayo siyatafsiri," nilisema kwa Kiswahili.

"Binti Anania!" Mzee Hezekia alipiga meza. "Umekuja kutafsiri au kuhubiri?"

"Yunisi, tafadhali," Profesa alininong'oneza.

"Hapana, Profesa. Anayetambika huwaomba wafu: mvua, watoto, afya. Wewe ulimwomba baba nini?"

Profesa akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile kile. "Sikuomba kitu. Nilisema asante."

"Na wewe, Mzee Hezekia? Uliomba nini?"

"Huyu aliomba sukari!" alidakia Mzee Gideoni kutoka Lupembe, na baraza zima likaangua kicheko. Hata mchungaji alificha uso kwa Biblia.

Walipomaliza kucheka hapakuwa na tambiko tena. Mama alishiriki Meza ya Bwana Jumapili ile. Profesa hakufukuzwa, ila kabla ya masika aliondoka mwenyewe, akaenda kufundisha mambo ya China katika chuo kikuu cha kwao. Alisema amechoka kuketi mbele ya mabaraza.

Iliyobaki ni kesi yangu. Mzee Hezekia anadai kwamba msichana aliyemfanya mzee achekwe mbele ya watu hafai kufundisha wasichana. Jana alikuja shuleni pamoja na mchungaji.

"Mwanangu, neno moja tu," mchungaji alinisihi. "Sema umekosa, uendelee na kazi yako."

"Shikamoo, Mzee Hezekia," nilisema.

"Marahaba. Haya, endelea."

"Nimemaliza. Heshima yako nimekupa. Radhi siombi."