Betri Moja Mpaka Alfajiri

"Haki ya Mungu, nife nikisema uongo, feni haikuzima mpaka kumekucha!"

Mzee Alphonce aliapa hivyo akiwa mlangoni mwa karavani, ukungu wa Julai umeimeza mikorosho yote ya Newala nyuma yake, mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya koti. Na hadithi hii ni kweli tupu; anayebisha na aje aulize.

Karavani yenyewe, chumba cha bati juu ya magurudumu mawili, aliipata miaka ile ya ruksa, themanini na kitu, mradi wa korosho aliokuwa dereva wake ulipofungwa na wazungu wakaondoka. Wenzake waligombea magari. Yeye aliikokota karavani hadi uani kwa sababu moja: ndani mlikuwa na hita ya gesi, na moshi wake ulitokea juu ya paa. Kifua cha mkewe, Paskalia, kilikuwa hakitaki moshi wa kuni wala baridi. Hita iliwaka vizuri, lakini bila feni joto lilijikunyata pembeni kama mgeni mwenye haya, lisifike kitandani. Na feni ilitegemea betri moja kuukuu ya lori.

Jana yake jioni binti yao, Violet, alipanda na pikapu kutoka Masasi.

"Baba, kule chini kuna joto. Namchukua Mama."

"Kwani mimi nimekufa?"

"Haya. Feni ikizima kabla ya alfajiri, Mama anapanda gari."

"Isipozima, usinitajie tena Masasi!"

Jirani yao Majaliwa, Myao na mtani wake wa siku nyingi, akadakia, "Na mimi nakula jogoo wako. Hilo jeneza la bati halifikishi hata saa nne."

"Utakula manyoya!"

Alphonce aliijua tabia ya betri ile. Taa inanyonya, redio inanyonya. Usiku wa baridi ni wa feni peke yake. Lakini majirani walipojazana kushangaa, na Majaliwa akauliza kama jeneza lina japo mshumaa, mzee alipandwa na mori. Akawasha taa zote. Akafungulia redio mpaka mwisho. Watu wakacheza uani, naye akasimama kifua mbele, kama kwamba umeme wa wilaya nzima unatoka mfukoni mwake.

Sasa kulikuwa kumekucha.

"Nipe mkono basi, mtani, nikupongeze," alisema Majaliwa.

Mkono haukutoka kotini. Majaliwa akampita, akaingia ndani bila hodi, maana mtani hafungiwi mlango. Akabonyeza swichi. Giza. Feni ilikuwa kimya kama jiwe, na kwenye mdomo wa hita kilikuwa kimechomekwa kipepeo cha ukindu, kile cha jiko la mkaa, kingo zimenyofoka.

"Njooni muone feni ya mtani wangu! Feni inayokula ugali!"

Violet alikitazama kipepeo, kisha kifundo cha mkono wa baba yake, kilivyovimba. Kitandani Paskalia alijiinua. Pumzi yake ilitoka bila filimbi, kwa mara ya kwanza tangu ukungu uanze.

"Mama, ulijua?"

"Mtu anahema kama lori linalopanda mlima wa Newala, mimi nisijue? Nilinyamaza asije akaacha." Akamgeukia mumewe. "Baba Violet, jogoo mpe mwenyewe. Mimi siendi popote."

Violet alifungua nyaya, akaibeba betri hadi kwenye pikapu, akailaza juu ya godoro alilomtandikia mama yake.

"Nitaichaji Masasi," alisema bila kumtazama baba yake. "Jumamosi naileta. Redio naondoka nayo."

Mzee Alphonce alitokomea ukunguni, akarudi na jogoo akipiga mayowe. Akamnyooshea Majaliwa kwa mkono wa kushoto.

"Unanipa kwa kushoto, mtani? Huna adabu!"

"Pokea hivyohivyo. Wa kulia umelala," alisema mzee. "Ulikuwa zamu."