Dhahabu Niliyoitangaza Juu ya Willis

Shemeji yangu Ochieng alikuja kutoka Oyugis akiwa ameshaamua. Mume wangu Willis alikuwa amefukiwa mgodini huku Nyatike, kwenye machimbo ya upande wa Sori. Waokoaji walichimba, wakachoka, wakaondoka. Sasa familia ilitaka kumzikia yago. Kwetu Wajaluo, mwili usipopatikana hukatwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito, likafungwa shuka na kulazwa kaburini mahali pa marehemu. Nilimwambia Ochieng kwamba mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mti. Aliondoka bila kunywa chai, na sikumbembeleza.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka Suna kwa Mokua, Mkisii mwenye ditekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu yenye kisahani chini na spika za kuvaa masikioni. Nilimdanganya kwamba nataka kujifunza ili nitafute dhahabu. Waokoaji walikuwa wamesema hawajui Willis alikuwa upande gani wa shimo. Nami nilijua alishuka na sururu, nyundo na mshipi wenye bizimu kubwa ya chuma. Nilijiambia kuwa mashine inayosikia chuma itamsikia, niwaonyeshe pa kuchimba.

Nilikuwa mwanafunzi mbovu. Siku ya kwanza mashine ilipiga kelele kila nilipopiga hatua, mpaka Mokua akadhani imeharibika. Kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa buti za Willis za akiba, zenye chuma puani. Akanivua buti hizo, nikajifunza pekupeku kama mtoto wa chekechea. Alinifundisha kupitisha kisahani polepole karibu na udongo, kama mtu anayepiga nguo pasi, si kukirusha kama anayefyeka nyasi. Alifukia msumari, kizibo cha soda na pete yake ya dhahabu, akaniacha nisikilize. Msumari ulikoroma. Pete iliimba. Nilipoanza kuvitofautisha alifurahi, akageuza kitufe ili mashine isisumbuliwe na vyuma.

Nilimwomba airudishe isikie vyuma. Akauliza ni nani anayetafuta chuma, nikamweleza ukweli wote. Akaketi chini palepale kwenye udongo.

“Mama, hii mashine haifiki mbali,” alisema. “Hata pete ikizikwa kina cha goti, inanyamaza. Bwanako ako chini sana. Hautamskia.”

Ningemshukuru kwa kuniambia ukweli. Badala yake nilimwambia anaionea choyo mashine yake. Aliniazima hata hivyo, akasema tu niirudishe kabla ya Sabato.

Juu ya shimo lililomfunika Willis, mashine ilikoroma kila mahali. Machimbo yamejaa misumari, nyaya na mabati, na yote yalikuwa yananijibu isipokuwa yeye. Wenzake walikuwa wameketi pembeni wakinitazama. Hao ndio waliokula naye, na hao ndio waliokataa kuendelea kuchimba, eti mahali palipolala mtu hapaguswi. Jared, mkubwa wao, aliuliza kama imeshika kitu.

Sikuwa nimepanga. Mdomo ulitangulia.

“Inaimba,” nikasema. “Lakini iko chini sana.”

Hakuna aliyejua kwamba mashine haisikii cha chini sana. Nilijua mimi peke yangu, na nilikuwa nimejifunza kwa uchungu. Wale waliomwogopa maiti walishika makoleo kabla sijavua spika masikioni. Niliwachukia, na hapohapo nilitamani kuwabusu mikono. Kila walipopumzika walinitaka nishushe kisahani tena, na kila mara niliwaambia sauti inazidi kuwa tamu. Nilikuwa mwongo hodari. Shimo likawa refu, nikaanza kupanga nguo nitakayomvika Willis.

Kisha ukuta ukaanza kutoa maji. Jared alisema ni kidogo, wakazidi kutelemka yeye na Ratemo, kijana aliyekuwa ameoa majuzi. Mkewe Kemuma huwauzia uji pale machimboni. Alisimama kando yangu, ndoo ya uji mkononi, akatazama vipande vya udongo vikidondoka. Alinikaribia ili wanaume wasisikie.

“Mama, hiyo dhahabu ni ya ukweli?”

Ningeweza kusema ndiyo. Naapa nililiona jibu hilo likiwa tayari kinywani mwangu. Niliamini kwamba kwa siku moja tu zaidi wangemfikia Willis, na siku hiyo nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini msichana huyo alikuwa amenishika mkono, akitazama chini alikokuwa mumewe.

“Mwite bwanako atoke,” nikamwambia. “Hakuna dhahabu. Ni Willis nilikuwa natafuta.”

Walitoka wamejaa tope. Ratemo alikwenda moja kwa moja kwa mkewe. Jared alitema mate, akanitukana kwa Kijaluo matusi ambayo sitayaandika, akakusanya makoleo yake. Nilistahili. Mvua ilinyesha jioni hiyo, ukuta ukaanguka wote, na asubuhi hapakuwa tena na shimo. Palikuwa na dimbwi jekundu tu, na mimi nimesimama ukingoni na mashine ya watu isiyonifaa kitu.

Nilimpigia Ochieng. Alinisalimu kwa ubaridi, na alikuwa na haki.

“Kateni yago,” nikasema.

Akasema vizuri, watakata kesho, kuna mti mzuri karibu na kwao. Akauliza kama kuna jambo lingine.

“Tafuteni refu,” nikamwambia. “Willis alikuwa mrefu.”