Hedifoni za Mlango

Bochaberi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi mbichi, mtoto wake Orpah amelala mgongoni, pale masikio ya mkwe wake yalipoanza kuchuruzika tena. Yalikuwa yameota upande wa ndani wa mlango, juu kidogo ya komeo, moja kulia na jingine kushoto. Kila jua lilipopiga mabati na nyumba ikapata joto, nta ilitoka ndani yake ikateremka polepole kwenye mbao, ya manjano, nzito, na harufu yake ilimfikia kabla ya nzi. Alisogeza sufuria mbali. Akaifunika kwa jani la mgomba, na juu ya jani akaweka sinia, maana wiki iliyopita alikuta ndani ya mchuzi kitu ambacho hakutaka kujua ni nini.

Mlango wenyewe ulikuwa zawadi. Nyamongo alipomwoa Bochaberi, baba yake, Mzee Onchiri, alikata mkaratusi wake mwenyewe, akaupeleka Kebirigo ukapasuliwa mbao, kisha akasimama nje fundi alipokuwa akiufunga. Nje, si ndani. Chinsoni, ile heshima ya Wagusii inayomkataza baba kukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe, Mzee Onchiri aliishika kuliko wengi. Alikuwa mzee wa kanisa, na watu hadi Ekerenyo walimtolea mfano: tangu Bochaberi aolewe, huyu baba hajavuka kizingiti chake, hata mvua ya mawe imkute uani. Na ilikuwa kweli. Hakuvuka. Nyamongo aliporudi kazini Kericho baada ya harusi, masikio yaliota tu mlangoni, kwanza madogo kama uyoga, halafu yakakomaa, yakapata mishipa, na nywele nyeupe zikachomoza matunduni.

Chinsoni hiyohiyo ilimkataza Bochaberi kumgusa mkwe wake, kwa hiyo hakuweza kuyapangusa. Wala hakuweza kufungua mlango kwa haraka. Mlango ukigonga ukuta, Mzee Onchiri, awe kwenye majani chai au kwenye baraza ya chifu, alijishika kichwa na kuguna, na waliokuwa karibu walisema yule mke wa mwanawe ana mkono mzito. Siku moja alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akakusanya tonge kubwa mkononi. Mama mkwe wake, Bathsheba, alimkuta amesimama mbele ya mlango.

"Unataka kufanya nini, Mama Orpah?"

"Kukandika, mama. Mbao zimeanza kupasuka."

"Mlango haukandikwi. Utamziba mkweo masikio kwa mavi? Wewe ulilelewa na nani?"

Bathsheba mwenyewe alikuja kila Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, akiwa tayari amesafisha nyumba yake, vyombo vyake na viatu vya mumewe. Alileta maji ya vuguvugu yenye chumvi na unyoya wa kuku. Aliuingiza unyoya sikioni, akauzungusha, akautoa umejaa, akaupangusa kwenye nyasi za nje. Upande wa pili wa ua Mzee Onchiri aliketi barazani kwake, macho ameyafumba, mguu mmoja ukimchezacheza kwa raha. Kuku walikuja kudonoa zile nyasi. Bochaberi aliacha kula mayai.

Hayo yote angeweza kuyavumilia, maana mtu huzoea. Kilichomshinda ni muziki. Nyamongo alikuwa amemwachia redio kaseti na kanda za magitaa, na ilikuwa desturi yake, akishatoka kuchuma majani chai na kupeleka kikapu kupimwa, kuiwasha kidogo huku akipika na kunyonyesha. Orpah alishika titi vizuri zaidi gitaa likilia. Alinyonya kwa kufuata mdundo, kidole chake kikigongagonga kifua cha mama. Bochaberi aliimba, mtoto akamtazama mdomo. Kazi zote za siku zilielekea kwenye saa ile.

Sasa, kila walichokisikiliza wawili hao kilirudi jioni katika sala. Ukoo wote ulikusanyika uani kwa Mzee Onchiri, naye akasimama, kofia mkononi, sauti yake laini.

"Bwana, tunamleta kwako dada mmoja ambaye leo amecheza akigonga sufuria kwa mwiko."

"Amina," wakasema.

"Anayemwimbia mtoto asiye na hatia nyimbo za baa."

"Amina."

"Tena anayejimwagia maji asubuhi na jioni, na maji hayo huchukua muda mrefu kumwagika, kana kwamba kuna mgeni anayetarajiwa. Mlinde."

"Amina," wakasema, na shemeji zake wakainamisha vichwa ili wacheke vizuri.

Bochaberi alihisi kitu cha baridi kikimpanda shingoni kama konokono. Tangu jioni ile alioga kwa kitambaa, kimya, bila kumwaga. Akaacha kuimba. Orpah alianza kulikataa titi, akilia na kugeuza uso, na mashavu yake yakapungua.

Nyamongo alipokuja mwisho wa mwezi, Bochaberi alimshika mkono akampeleka nyuma ya zizi, mbali na mlango.

"Baba yako ananisikiliza nikioga."

Nyamongo alitazama viatu vyake. "Ni mzee. Wazee hawalali."

"Ni mchana, Nyamongo."

"Basi punguza sauti. Baba hajawahi kuingia kwako, wewe unataka akufanyie nini zaidi?"

Akarudi Kericho.

Kwa hiyo mwaka ule wa sabini na saba, duka la Shashikant lililoko mjini Kisii lilipoleta hedifoni, yaani spika mbili ndogo za kuvaa masikioni zilizounganishwa na ukanda wa chuma unaopita utosini, Bochaberi aliuza mkungu wake mkubwa wa ndizi, akaongezea akiba ya majani chai, akamfunga Orpah mgongoni, akabeba redio yake kwenye kikapu na kwenda kuchagua.

Dukani alikuwepo Kusum, mke wa Shashikant, mwanamke mwembamba mwenye bangili hadi kwenye kiwiko. Alichomeka waya kwenye redio ya Bochaberi, akamwekea mezani kwanza kidude kidogo cha kutia ndani ya tundu la sikio.

"Hii rahisi. Nasukuma ndani, basi."

Bochaberi alikigeuza. Kwenye ncha yake kulikuwa na punje ya nta ya mtu aliyekijaribu kabla yake, imekauka, na ndani ya nta kulikuwa na unywele. Alikirudisha kwa kucha mbili.

"Hapana, mama. Ya kuingia ndani sitaki."

Kusum akateremsha zile kubwa, bakuli mbili za ngozi nyeusi. Bochaberi alipozivaa juu ya kitambaa chake, duka lilitoweka. Barabara ilitoweka. Gitaa lilikaa katikati ya kichwa chake kama mtu aliyekaribishwa kiti. Kusum aliweka sikio karibu, akatikisa kichwa: hakuna kilichovuja hata kidogo. Bochaberi alitabasamu, akafumba macho. Alipoyafumbua alimwona Kusum ananyoosha kidole mgongoni kwake. Orpah alikuwa analia, uso umelowa machozi, na ilionekana alikuwa analia kwa muda.

Alizivua upesi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Hizi haziniruhusu kumsikia mtoto."

"Basi iko hii," Kusum alisema, akatoa nyepesi zenye sponji za rangi ya chungwa, zilizolala juu ya sikio tu bila kulimeza. Bochaberi alizivaa. Gitaa lilikuja, si la karibu sana, lakini tamu, na chini yake alisikia Orpah akikwamakwama kumaliza kilio. Vyote viwili pamoja. Kichwa hakikulemewa.

Kusum akainama kusikiliza. "Hii inavuja. Kidogo. Kama mbu."

"Inavuja hadi wapi?"

"Nyumbani iko nani?"

"Mkwe wangu. Masikio yake yako mlangoni."

Kusum alikunja waya taratibu. "Kwetu huko juu ni mama mkwe," alisema. "Macho. Iko kwenye pipa la unga. Nikichota naona inafumba, nikiacha inafumbua. Halafu inatoa tongo, natia kwa chapati." Alisema hivyo akiangalia mlango wa kupandia ghorofani. "Chukua ya sponji. Mtoto asisikike, hiyo ni mbaya zaidi."

Akachukua za sponji.

Siku ya kwanza alikaa pembe ya mbali ya nyumba, mgongo kwa mlango, Orpah kifuani, sauti ya chini kabisa. Mtoto hakusikia gitaa lakini alisikia mama akihema kwa mdundo, akashika titi. Bochaberi alifurahi hata machozi yakamlengalenga. Kisha akageuka. Masikio yalikuwa yamerefuka. Yalijivuta kutoka kwenye mbao kumwelekea, membamba, yanang'aa, yametoa jasho, kama majani yanayofuata jua, na nta ilidondoka kutoka kwenye ncha zake hadi sakafuni. Katikati ya chumba yalitetemeka kwa juhudi.

"Bwana," alisema Mzee Onchiri jioni, akijikuna, "kuna mbu wa kidunia katika boma hili."

"Amina."

Bochaberi hakulala chini na huzuni yake. Asubuhi aliazima kaseti ya kwaya ya kanisa kwa jirani, akaitia kwenye redio, akaiweka redio kwenye kigoda karibu na mlango. Akatanua hedifoni kwa miko miwili, mmoja kila mkono, ili asimguse mkwe, akazivisha juu ya yale masikio. Zilikaa barabara. Zilikaa kuliko zilivyowahi kukaa kwake. Akabonyeza, na masikio, baada ya kutikisika kidogo kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, yakatulia.

Alingoja. Akamwaga maji ya kuoga, kata nzima, toka juu. Akaimba, mwanzo kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti aliyozaliwa nayo. Orpah akanyonya hadi akapaliwa.

Sabato hiyo Mzee Onchiri alisimama kanisani na kueleza, akitetemeka, kwamba siku hizi anasikia kwaya tangu asubuhi hadi jua linapotua, yeye peke yake. Watu walimpa mikono. Mchungaji alisema hiyo ndiyo thawabu ya mtu ambaye miaka yote hajavuka kizingiti cha mke wa mwanawe, akawaomba vijana watazame mfano huo. Bochaberi, katika safu ya akina mama, alisema amina na wengine, kwa sababu safu nzima ilikuwa inamwangalia.

Ijumaa Bathsheba alikuja na maji yake ya chumvi. Alizitazama hedifoni, akazichungulia chini.

"Umefanya vyema," alisema. "Lakini mzee analalamika sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, haisikiki. Nunua betri mpya za redio, na usiwe unazima mapema."

Alipoziinua ili apitishe unyoya, Bochaberi aliziona sponji. Zilikuwa zimelowa nta hadi ndani, zimegeuka rangi ya usaha, na nywele nyeupe zimenasa humo zikijikunja. Alijua hapo kwamba hatazivaa tena maishani. Gitaa lake pia lilikuwa limekwisha, maana redio ilikuwa ya mlango sasa. Alibaki na mdomo wake mwenyewe, naye aliutumia, na Orpah alinenepa tena, akapata mikunjo mapajani.

Mvua ilipoanza, asubuhi moja alifungua dirisha la mbao la chumba cha kulala, mbao zilizobaki za mkaratusi uleule. Upande wa ndani, usawa wa mto wa kulalia, kulikuwa kumechomoza masikio mengine mawili. Bado yalikuwa laini, ya waridi, yana unyevu wa kitu kilichozaliwa usiku. Bochaberi alitema mate kwenye jivu. Kisha akasogeza kitanda, akatazama mgombani ni mkungu upi umekomaa.

Kusum alimwona tangu mlangoni. Hakuuliza anataka zipi, alizichukua zile za sponji ya chungwa akaziweka mezani.

"Ile ya kwanza imechukuliwa na mkwe, sivyo? Safari hii ya nani? Yako au ya kule?"

"Ya kule. Dirisha."

Kusum akaongeza waya mrefu wa kuchomeka hedifoni mbili kwenye redio moja, akavuta karatasi ya kufungia.

"Ngoja, mama," Bochaberi alisema. Alimfungua Orpah mgongoni, naye Kusum akampokea bila kuambiwa, bangili zikalia. Bochaberi alizivaa hedifoni juu ya kitambaa chake, zikiwa safi bado, zinanukia kiwandani, akaegemea meza na kufumba macho. Kusum akamwekea gitaa kwenye redio ya duka.

Wimbo ulipokwisha, alizivua, akazipangusa kwa kanga yake ingawa hazikuwa na uchafu wowote, akampa azifunge.