Kiti cha Opereta

Saa mbili kamili Opereta alipangusa mtambo wa simu, akaketi. Mtambo wenyewe ulikatwa waya mwaka jana, ofisi nzima ilipohamia simu za mkononi. Yeye hawakumpunguza, maana wangemlipa kiinua mgongo cha miaka ishirini na sita. Walimwacha akae, wangoje achoke aondoke mwenyewe. Akiacha kazi, hapati kitu. Akikutwa amelala, barua ya onyo. Zikifika tatu, hapati kitu. Alikuwa nazo mbili, na ilibaki miezi minne astaafu na kulipwa.

Saa nne mpika chai akaingia na birika.

"Shoga, umepata! Mshahara wa kukaa! Tubadilishane."

"Haya, kaa."

Mpika chai akakaa. Akatazama ukuta, akatazama kucha zake. Akahesabu vigae, akapotea, akaanza upya. Chai haijapoa, akainuka.

"Mh! Bora masufuria yangu."

"Uchovu wa kazi ukilala unaisha," Opereta akasema. "Huu unaamka nao."

Kilichomweka macho ni kufuma. Binti yake alikaribia kujifungua, na kofia ya mjukuu ilikuwa mapajani, chini ya meza. Saa tano ofisa utumishi, umri wa kitindamimba wake, akafungua mlango na fomu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaandika: *Yupo. Macho.* Kisha akaona uzi.

"Mama, hapa ni kazini."

"Kazi ipi? Nipe. Hata kufagia."

"Kufagia kuna mtu wake."

"Basi nipange mafaili."

"Yamepangwa." Akanyoosha mkono. "Hivi nakuhifadhia. Utavikuta siku ya kustaafu."

Akaondoka na kofia, sindano na donge la uzi.

Saa nane jua likapiga kioo. Opereta alijifinya paja. Alihesabu vigae: mia nne na nane, kama jana. Kichwa kikadondoka, akakishtua. Koridoni viatu vilikuwa vinakuja.

Akashika pindo la sweta lake, alilolifuma mwenyewe, akakata fundo kwa meno, akavuta. Uzi ukaja. Akaanza kufuma kwa vidole vitupu.

Mlango ukafunguliwa. Ofisa akaufuata uzi kwa macho, kutoka vidoleni hadi tumboni.

"Mama, unafanya nini?"

"Naona joto, mwanangu. Navua sweta. Taratibu tu, sina haraka."

Ofisa akaitazama fomu yake. Haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Akaandika: *Yupo. Macho.*