Kituo cha Kwasufiani

Jubilei ya kanisa la Kilutheri la Betheli ilifana. Kwaya zilishuka hata kutoka Kwashemshi, na ng'ombe alichinjwa na Ramadhan ili majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi. Ila kiti kimoja cha mbele kilibaki kitupu, na Mzee Habakuki, mwinjilisti mstaafu aliyepewa kazi ya kusimulia historia ya kanisa, alisimulia huku macho yake yakikirudia.

Kilikuwa cha dada Zamda. Baba yake, Mzee Sufiani, Mzigua wa swala tano, ndiye aliyewamegea Walutheri wa kwanza shamba lake la muhogo, wakati Washambaa hao walioshuka milimani wakisali uani kwa watu. Alipofariki alizikwa pembeni mwa shamba lilelile. Watu wakapaita Kwasufiani, kama Wazigua wanavyopaita mahali kwa jina la mwenyewe. Mabasi yakasimama Kwasufiani, kanisa likawa la Kwasufiani, na hakuna aliyeona ajabu.

Isipokuwa Habakuki. Miaka kumi iliyopita aliona haya mbele ya wageni wa dayosisi. Jina lile, alisema, linafaa msikiti. Akapendekeza Betheli, kikao kikaitikia, kibao kikapakwa rangi mpya, na kituo cha basi nacho kikafuata jina la kibao. Majuto ni mjukuu, na kwake yeye mjukuu huyo alikuwa amekwisha kukua.

Ndiyo maana alikuwa amempigia simu kumwalika Zamda, aliyehamia Masuguru kwa binti yake kabla jina halijabadilishwa. Alikusudia kumsimamisha mbele ya watu na kuomba jina lirudishwe. Lakini habari ya kubadilishwa kwa jina hilo hakuitaja. Aliona aibu, akajiambia atamweleza akifika.

Kesho ya jubilei akaenda Masuguru. Alimkuta akichambua mchele, akamwamkia shikamoo, akauliza kilichomzuia.

"Nilikuja, mdogo wangu," alisema Zamda. "Nikamwambia konda anishushe Kwasufiani. Akasema njia hii haina kituo hicho. Nikachungulia, nikaona kanisa, lakini kibao kina jina jingine. Basi nikapitilizwa hadi Mkata, nikapanda gari la kurudi. Uzee huu, hata kwa baba nimepasahau."

Akajicheka. Kicheko hicho kilimuumiza Habakuki kuliko tusi.

"Hukupasahau, dada. Jina nililiondoa mimi."

Zamda aliuweka ungo chini. Hakumlaumu.

"Na baba," aliuliza polepole, "siku hizi amezikwa wapi?"