Dawa Chungu ya Mama Azara

Saratani ilikuwa imemwenea mama hadi kwenye nyonga, na majirani zetu hapa Tamale, kaskazini mwa Ghana, walishakizoea kilio chake. Ndipo muuguzi Neindow akaleta chupa ya mofini, dawa ya maumivu, chungu kama shubiri. Siku ya tatu mama aliketi, akala tuo zaafi, ugali wetu laini, akamtania wifi yangu Sanatu kwamba mchuzi wake unahitaji kuombewa.

"Mama, umepona?" nikamuuliza.

"Wapi! Maumivu yapo, Wumpini. Ila ni kama ugomvi wa jirani. Nausikia, haunihusu."

Nikaingiwa na shaka. Maumivu yake mwenyewe, hayamhusu vipi? Nilimtazama akisinzia, mboni zimekuwa ndogo kama punje za uwele, nikasema moyoni: wanampumbaza afe kimyakimya. Na Sanatu, aliyeshika chupa, mbona mchangamfu hivi?

Asubuhi moja alipokwenda sokoni, niliifukia chupa kwenye gunia la mahindi. Aliporudi akaitafuta kila mahali.

"Labda umeipoteza mwenyewe," nikamwambia.

Alasiri mama alikuwa akipiga miayo, jasho likimtoka, ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha akaanza kupiga mayowe. Hakunitambua.

Nilikimbia kumwita Neindow. "Sista, mmemfanya mama teja! Njoo umwone!"

Alimtazama mara moja tu. "Chupa iko wapi?"

Nikalitupia jicho gunia la mahindi.

"Sikiliza. Nyonga inapeleka habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo, nao unaipandisha ubongoni. Dawa inabana njia hiyo, na habari ikifika, ubongo hauipokei kwa hofu ile ile. Nyonga haiponi. Mwili umeshaizoea dawa, ukiikata ghafla, ndiyo haya. Kuizoea si uteja."

"Na ikimuua?"

"Mama yako anaondoka na saratani, Wumpini. Kilichobaki ni aondoke akilia au akiwatania."

Nilifukua chupa mbele ya Sanatu. Aliipokea, akapima kipimo, akamnywesha mama taratibu.

"Ulinidhania mimi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Nami nilikudhania wewe. Tazama hapo ubavuni mwa chupa, nilichora mstari nijue kama kuna mtu anaigusa dawa."

Mama aliishi wiki saba zaidi, akitutania sote. Tulimpa dawa kwa zamu, mimi na wifi, kila mmoja akiangalia mkono wa mwenzake.