Jina la Kwanza la Bwana Stüssi

Kinachonikera kuliko vyote ni makofi. Kila nilipopanda jukwaani kuwaeleza wenye maduka kwamba mzee anayekuja kununua limau moja kila siku hafuati limau, anafuata mtu wa kumjulia hali, ukumbi mzima ulinipigia makofi. Wakubwa wa biashara walinipa mikono, wakanipa kadi zao, wakaingia kwenye magari yao. Mimi nikashuka kilima, nikapanda treni, nikafika kwangu na kupasha supu ya jana. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi ni bingwa wa upweke wa wenzangu.

Taasisi yetu iko juu ya kilima, madirisha yote yanatazama ziwa la Zurich. Tunachunguza watu wanavyonunua, wanavyouza na wanavyoishi pamoja. Hatuuzi hata sindano, wala hakuna duka linalotutuma tuseme nini. Anayetulisha ni mfuko alioacha tajiri mmoja aliyekufa zamani, na uzuri wa marehemu ni kwamba hapigi simu kulalamika. Mimi ni wa upande wa jamii. Bwana Stüssi alikuwa wa upande wa biashara: bei ya kahawa, meli, ushuru, mambo ya namna hiyo. Tulikaa chumba kimoja, meza zimegusana, uso kwa uso, miaka kumi na mmoja.

Namwita Bwana Stüssi kwa kuwa ndivyo nilivyomwita siku zote. Yeye aliniita Bi Caflisch. Kila asubuhi alitoa tufaha mfukoni na kisu chake kidogo, akalikata, akaweka nusu kwenye karatasi upande wangu wa meza. Hakusema "karibu", nami sikusema zaidi ya "asante". Likizo yake ikifika nilikuwa najinunulia tufaha mwenyewe, na halikuwa na utamu ule.

Kwetu Uswisi jina la kwanza halichotwi tu kama karanga kwenye sahani. Hutolewa. Mkubwa humtolea mdogo, mwanamke humtolea mwanamume. Mnagonganisha glasi, mnatazamana machoni, kila mmoja anataja jina lake, na tangu hapo hakuna kurudi kwenye ubwana na ubibi. Anayejitanguliza bila zamu yake ataambiwa hakulelewa. Bwana Stüssi alinizidi miaka minne. Basi zamu ilikuwa yake, na mimi si mtu wa kurukia zamu ya mwenzangu. Nikangoja.

Nikiwa nangoja, akaja mkurugenzi mpya, Severin, mwanamume wa viatu vyeupe, akatangaza kwa barua pepe kwamba kuanzia Jumatatu wote tutaitana majina ya kwanza. Nilisoma nikasonya. Nikainua macho, nikamkuta Bwana Stüssi naye kainua.

"Umeona, Bi Caflisch?"

"Nimeona, Bwana Stüssi."

"Yaani jina langu nigawiwe na kompyuta?"

"Hata mimi, la bure silitaki."

Tulicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Tukaenda pamoja kwa mkurugenzi kuomba tuachwe tulivyo. Alituacha, kama watu wanavyoacha saa mbovu ukutani kwa sababu ilikuwa ya babu. Basi taasisi nzima ikawa ya majina ya kwanza, na sisi wawili tukabaki Bwana na Bi. Nilitembea kwa furaha siku ile. Nilidhani sasa hatakawia. Kalikataa la bure ili anipe lake kwa heshima zake, nikasema, na kesho yake nikavaa blauzi ya kijani. Akanipa nusu ya tufaha.

Majira ya machipuko tulianza uchunguzi mkubwa wa upweke madukani. Wenye maduka wanang'oa makeshia na kuweka mashine za kujilipia, na sisi tulitaka kujua nani atakosa nini. Taasisi yetu ina desturi moja: swali halitoki nje kabla halijajaribiwa kwetu sisi wenyewe, ana kwa ana, kwa sauti. Aliyeleta dodoso chumbani kwetu ni Flurina, msichana wa milimani kwetu, mdomo wake hauna breki.

"Haya, wazee wangu, kaeni sawa. Bi Caflisch, tuanze na wewe. Katika siku saba zilizopita, kuna mtu yeyote aliyekuita kwa jina lako la kwanza?"

Swali lile nililitunga mimi. Nililipenda, fupi, halina maringo. Sikujua lina meno mpaka liliponigeukia. Mama alishakufa. Kaka yangu naye, mwaka uliofuata. Majirani zangu ni Bi huyu na Bwana yule, tunaonana kwenye chumba cha kufulia na kuulizana kama mashine imemaliza. Na mbele yangu alikaa Bwana Stüssi na kalamu yake, anajifanya anasoma.

"Wapo," nikasema.

"Wapo wengi au?"

"Flurina, dodoso linataka ndiyo au hapana."

"Haya, ndiyo. Bwana Stüssi?"

Akatazama dirishani. "Ndiyo. Bila shaka."

"Kumbe! Bwana Stüssi ana mtu! Tuambie basi, ni nani huyo?"

"Andika ndiyo, binti, uende zako."

Flurina akatoka anacheka. Sisi tukainamia karatasi zetu. Wivu ulinishika, nausema wazi, wivu mchungu wa msichana, na umri wangu huu. Basi ana mtu. Ndiyo maana hana haja ya kunipa jina lake, kuna mwingine analitumia. Jioni ile nilinunua keki nzima ya karoti nikaila mwenyewe, nayo haikusaidia kitu.

Majani yalipoanza kudondoka akaniambia, huku anamenya tufaha ambalo kwa kawaida hakulimenya, kwamba anastaafu mwezi wa kumi na moja.

"Najua," nikasema. "Utapumzika."

"Nahamia Kanada. Kwa binti yangu. Mwenye nyumba nimeshamwambia nairudisha."

"Kwa muda?"

"Moja kwa moja, Bi Caflisch."

Nikasema hongera. Hongera! Neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kutamka, na nimetamka mengi jukwaani. Usiku nilijituliza: ipo hafla ya kuaga. Hapo lazima. Hakuna mtu anayekata bahari bila kumpa jina lake mtu aliyemlisha nusu ya tufaha miaka kumi na mmoja. Nikajiapiza kwamba akinipa tu, nitamwomba asiende. Wiki mbili, mwezi, aahirishe, aje kwangu kwanza ale chakula cha kupikwa. Mtu huwezi kumwomba Bwana Stüssi abaki. Lakini mtu mwenye jina, unamwomba.

Hafla ilikuwa Ijumaa mchana. Mvinyo mweupe, jibini, mkate wa kusuka, vitango vya siki. Sanduku lake lilikuwa tayari kando ya mlango, maana funguo za nyumba alikabidhi asubuhi. Severin alihutubia, akasema Bwana Stüssi ni nguzo, na nguzo yenyewe ikawa inatazama viatu vyeupe vya mkurugenzi. Kisha zikaanza glasi. Kwetu hunywi mpaka umegonganisha na kila mtu, mmoja mmoja, jicho kwa jicho, na jina. Nilimwona anazunguka. Severin. Flurina. Watu wa hesabu. Nilisimama na glasi yangu, sijaionja.

Akafika. Akanitazama machoni zaidi ya inavyohitaji glasi. Midomo ikafunguka.

"Bi Caflisch," akasema.

"Bwana Stüssi."

Glasi zikalia, naye akapita kwenda kwa mtu wa maktaba. Nilikunywa ule mvinyo wote kwa mkupuo mmoja. Nilikasirika, jamani! Moyo wa mtu huyu umechongwa kwa jiwe la wapi?

Flurina akanipiga kiwiko. "Bi mkubwa, utamwacha aende hivyo hivyo? Nyie wawili mnanimaliza."

"Zamu si yangu."

"Zamu gani? Mko kwenye foleni ya posta?"

Ngoja-ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma. Bwana Stüssi alipovaa koti, nami nikavaa langu. Nikamwambia nitambebea mkoba mdogo mpaka stesheni. Hakukataa. Tukashuka kilima, sanduku lake linagongagonga kwenye mawe. Tulizungumza mambo gani! Tulizungumza mitambo ya kupasha joto ofisini, kwamba mwaka huu wamechelewa kuiwasha. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa, ng'ambo haionekani. Jukwaa la stesheni lilikuwa tupu, na ubao ukaonyesha treni ya mjini ndiyo inayofuata.

Hapo nikashindwa. Adabu ikaniponyoka.

"Bwana Stüssi, mbona hukunipa jina lako?"

Akaweka sanduku chini. "Mimi? Mimi ndiye nilikuwa nikupe?"

"Si wewe ndiye mkubwa!"

"Si wewe ndiye mwanamke!"

"Mkubwa hutangulia."

"Mwanamke hutangulia! Mama yangu angenizaba kibao kama ningemtangulia mwanamke."

Tukatazamana kama watu wawili waliosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Nilianza kucheka, kisha nikaona si kicheko kile cha siku ya barua. Yeye akavua miwani.

"Nilinunua chupa," akasema. "Siku ile ya barua ya Severin. Niliiweka nyuma ya vitabu vya ushuru. Nikasema, akisema neno tu, naitoa."

"Iko wapi?"

"Niliinywa Krismasi."

"Na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Lakini wewe una mtu. Ulimwambia Flurina ndiyo."

"Wewe ulisema ndiyo kwanza! Ulisema wapo. Ningesema mimi hapana, mbele yako, nionekane vipi?"

"Nilidanganya," nikasema.

"Kwenye dodoso?" Alishtuka kweli, uchunguzi ulikuwa bado ndani ya damu yake. Kisha akashusha pumzi. "Na mimi pia."

Akatazama reli.

"Binti yangu huniita Baba. Wajukuu watafundishwa kuniita Babu. Nikajiambia, heri hayo kuliko kukaa hapa bila kuitwa. Lakini angekuwepo mtu mmoja, mmoja tu kando ya ziwa lote hili, wa kuniita kwa jina langu, nyumba nisingeirudisha."

Aliyasema bila lawama, na ndiyo maana yaliniingia vile. Nyumba yake ilikuwa imeshapata wapangaji wengine. Vitu vyake vilikuwa baharini kwenye kontena, na yeye anajua kuliko mtu yeyote Uswisi kwamba kontena likishapakiwa haligeuzwi. Nilitaka kumwambia abaki. Abaki wapi? Kwenye sofa yangu, na sanduku moja, na binti anamngoja uwanja wa ndege ng'ambo ya pili?

"Hatuna glasi," nikasema.

Akapapasa mfukoni, akatoa tufaha na kisu. Akalikata pale pale juu ya sanduku, akanipa nusu, akabaki na nusu. Tukasimama wima kama inavyotakiwa. Tukatazamana machoni.

"Lienhard," akasema.

"Ursina."

Tukagonganisha nusu mbili za tufaha. Hazikulia. Tukala.

"Ursina," akasema tena, polepole, kama mtu anayeonja. "Ursina. Juisi imekuganda kidevuni."

"Iache, Lienhard."

Tukaambiana tutapigiana simu, kama wasemavyo watu wote stesheni. Reli zikaanza kuvuma. Nimeishi maisha yangu yote katika nchi hii nikinung'unikia kila treni iliyochelewa hata kidogo, nimewahi hata kuandika malalamiko. Siku ile nilishika mkono wa koti lake, nikamwomba Mungu ateremshe theluji, mti uanguke njiani, dereva ashikwe na tumbo, chochote.

Jumatatu meza iliyo mbele yangu ilikuwa imefutwa. Flurina akaja na dodoso. Lilikuwa limerekebishwa, na desturi ni desturi, likabidi lijaribiwe upya.

"Haya, Bi Caflisch. Katika siku saba zilizopita, kuna mtu yeyote aliyekuita kwa jina lako la kwanza?"

"Ndiyo," nikasema.

Alikuwa ameshaweka alama ya ndiyo, kama mara ya kwanza, kabla sijajibu. Kisha akaniangalia usoni, kalamu ikasimama.

"Nani?"

"Lienhard."

"Lienhard yupi?" Akageuka akatazama ile meza tupu. "Mungu wangu! Lini?"

"Ijumaa. Stesheni."

"Ijumaa hii? Baada ya hafla?" Akavuta kiti cha Bwana Stüssi, akakaa. "Angalau treni ilichelewa?"

"Haikuchelewa," nikasema. "Soma swali linalofuata."